Dema la Nyimbo

Wavuvi wa pwani hutega dema. Dema husukwa kwa fito, na mlango wake hufanywa kwa mfano wa koo: mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Samaki huingia bila ya taabu akifuata chambo. Akitaka kutoka haoni njia. Hapana awezaye kumlaumu mvuvi kwa ustadi huo, kwa kuwa samaki si mwenye dema wala hakulinunua. Lakini kama mtu angalilinunua dema sokoni kwa fedha zake, akatia ndani yake mali yake mwenyewe, kisha akaambiwa kuwa mali hiyo haitatoka, angalikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyetegwa.

Jambo la namna hii liliwapata mamilioni ya watu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, na wengi wao hawakuuliza. Dema lenyewe lilikuwa kisanduku cha muziki cha kuchukuliwa mfukoni. Kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa iPod, ambacho kampuni ya Apple ya Marekani ilikitangaza mwezi wa Oktoba 2001. Bei yake ilikuwa dola 399, na nafasi yake gigabaiti 5, ambazo zilitosha kubeba nyimbo 1,000. Kilisifiwa kwa wepesi, kwa uzuri wa umbo na kwa wingi wa sauti zilizokaa ndani yake. Na sifa hizo zilikistahili. Aibu yake ilikuwa moja, nayo haikutajwa katika tangazo lolote: nyimbo ziliingia, lakini hazikupewa njia ya kutoka.

Desturi ya chombo hicho ilikuwa hivi. Mwenye nacho alikusanya nyimbo zake katika kompyuta. Nyingine zilitoka katika CD alizonunua, na nyingine, tangu Aprili 2003, alizinunua moja moja kwa njia ya intaneti katika duka la Apple yenyewe, kwa senti 99 kila wimbo. Kisha programu iitwayo iTunes ilizinakili kutoka kompyuta kwenda katika iPod. Kompyuta ilihesabiwa kuwa bwana na iPod kuwa mtumwa; kila kilichofutwa kwa bwana kilifutwa kwa mtumwa pia. Chombo kilifungamanishwa na maktaba ya kompyuta moja. Kilipochomekwa katika kompyuta nyingine, programu iliuliza kama mwenyewe alitaka kufuta kila kilichokuwamo na kutia nyimbo za kompyuta ile mpya. Swali la kuzirudisha nyimbo katika kompyuta halikuulizwa, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwekewa nafasi.

Maadamu kompyuta ilikuwa nzima, upungufu huo haukuonekana. Lakini kompyuta huharibika, huibiwa, huungua, na diski zake hufa bila ya kuaga. Mwanafunzi aliyekusanya nyimbo kwa miaka mitano huamka siku moja akakuta kompyuta yake ni kipande cha chuma tu. Hupata faraja kwa kuwa nyimbo zote zingalimo katika kisanduku cha mfukoni. Hutafuta kompyuta nyingine, huchomeka waya, na hapo hukutana na swali la kufuta. Akijibu ndiyo kwa kutojua, mkusanyo wa miaka mitano hutoweka kwa muda wa dakika chache. Akijibu siyo, huachwa na nyimbo anazoweza kuzisikiliza lakini asiweze kuziokoa. Naye hujua kuwa kisanduku nacho kina siku yake ya kufa.

Yafaa ieleweke kuwa kizuizi hiki hakikutoka katika udhaifu wa chombo. Waya uliopeleka nyimbo ndio ule ule ulioweza kuzirudisha. Diski ya ndani ya iPod ilikuwa diski kama diski nyingine. Mtu aliweza hata kuhifadhi humo barua na picha, kisha akazitoa apendavyo. Nyimbo peke yake ndizo zilizofichwa. Ziliwekwa katika folda isiyoonekana, na ndani yake mlikuwa na folda ndogo zilizoitwa F00, F01, F02 na kuendelea. Katika vyombo vya miaka iliyofuata kila wimbo ulivuliwa jina lake la faili, ukapewa herufi nne zisizo na maana. Mpango wa kweli, yaani wimbo gani uko wapi, uliandikwa katika daftari lililofanywa lisomwe na iTunes na iPod tu. Lakini jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu yalibaki yameandikwa ndani ya faili lenyewe. Basi hapana kilichopotea. Mtu alificha kwa makusudi, na aliyefichwa alikuwa mwenye mali.

Asili ya mlango huu wa upande mmoja ni kongwe kuliko iPod. Mwaka 1998 kampuni ya Diamond Multimedia ilileta sokoni kisanduku kidogo kilichoitwa Rio, chenye nafasi ya megabaiti 32, yaani muziki wa saa moja hivi. Chama cha kampuni za santuri za Marekani kilikwenda mahakamani kutaka kukizuia, kwa kutegemea sheria ya mwaka 1992 juu ya vyombo vya kunasa sauti nyumbani. Chama kilishindwa. Tarehe 15 Juni 1999 Mahakama ya Rufani ya Marekani, eneo la tisa, iliamua kuwa Rio haikuwa chombo cha kunasa sauti kwa maana ya sheria ile, na kuwa mtu anayehamisha nyimbo zake kutoka kompyuta kwenda mfukoni kwa matumizi yake mwenyewe hufanya jambo linalopatana kabisa na makusudi ya sheria. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki na ya akili. Lakini katika kukieleza chombo chenyewe, mahakama ilitaja pia kwamba Rio haikuweza kuurudisha wimbo katika kompyuta wala kuupeleka katika chombo kingine.

Si vigumu kuona somo ambalo mtengenezaji mwenye hadhari angeweza kulipata katika maneno hayo. Chombo kisichorudisha kilionekana kuwa chombo kisicho na hatia. Basi na kifanywe kisirudishe. Hivyo hofu ya kampuni za santuri iliwekwa katika mfuko wa mnunuzi, naye hakushirikishwa katika shauri. Walakini hukumu ile ile, ikisomwa mpaka mwisho wake, huhukumu dhidi ya kizuizi. Kama ni halali kwa mtu kuuchukua wimbo wake kutoka nyumbani kwenda safarini, kwa sababu gani iwe haramu kuurudisha kutoka safarini kwenda nyumbani? Mtu ni yule yule, wimbo ni ule ule, na waya ni ule ule. Haki iendayo upande mmoja tu ni nusu ya haki, na nusu hiyo hutegemea hisani ya aliyeitoa.

Watetezi wa mlango mmoja wana hoja nne, na kila moja yastahili kupimwa.

Hoja ya kwanza ni ya wizi. Husemwa kwamba kama nyimbo zingeweza kutoka kwa wepesi, kila rafiki angechomeka kisanduku chake katika kompyuta ya rafiki mwingine, na muziki wa dunia ungegawanywa bure kama maji ya kisima. Apple yenyewe ilikibandika chombo chake kipya maneno ya kumkataza mnunuzi kuiba muziki. Mtu aliyekwisha kulipa dola 399 alipokewa kwa onyo ambalo mwenye duka la nguo hathubutu kulibandika katika shati analoliuza.

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kizuizi kingemzuia mwizi. Hakikumzuia. Mwizi hakuwa na haja ya iPod ya mtu. CD zilizouzwa katika kila duka hazikuwa na kufuli, na katika intaneti nyimbo zilipatikana tele kwa asiyejali sheria. Na hata mwizi aliyetaka kuiba katika iPod alihitaji kujua jambo dogo tu, nalo ni namna ya kuifanya kompyuta ionyeshe folda zilizofichwa. Kijana mwenye ujuzi kidogo aliyafanya hayo kwa dakika mbili. Asiyeyaweza alikuwa mzee aliyenunua CD zake zote kwa haki, au mama aliyepewa chombo na wanawe, au mwanafunzi asiye na ujuzi wa kompyuta. Kufuli hilo lilimfungulia mwenye hila na kumfungia mwaminifu. Kufuli la namna hiyo halina budi kuulizwa linamlinda nani.

Shahidi mkubwa wa jambo hili ni mwenye kampuni mwenyewe. Mwezi wa Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alitoa waraka wa wazi juu ya muziki. Alieleza kuwa hadi mwisho wa mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa iPod milioni 90 na nyimbo bilioni 2 zenye kufuli kutoka dukani mwake. Hii ni wastani wa nyimbo 22 kwa kila chombo. Kwa chombo chenye kubeba nyimbo 1,000, alisema, hizo ni chini ya asilimia 3; zilizobaki, zaidi ya asilimia 97, hazikuwa na kufuli lolote. Alieleza pia kuwa katika mwaka 2006 kampuni za muziki ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 zisizo na kufuli katika CD. Waraka huo ulikusudiwa kuzilaumu kampuni za santuri, na lawama yake ilikuwa na ukweli. Lakini tarakimu zake humrudia mwandishi wake. Ikiwa nyimbo 97 katika kila 100 zilikuwa huru kwa kukiri kwake, kwa nini programu yake ilikataa kuzirudisha hizo 97 kwa wenyewe? Kampuni za santuri zililazimisha kufuli juu ya nyimbo zilizouzwa dukani. Haikuonyeshwa kwamba zililazimisha kufichwa kwa wimbo ambao mtu aliutoa katika CD yake mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya uzembe. Husemwa kwamba mtu mwenye busara huweka akiba ya mali yake, na aliyepoteza nyimbo kwa kufa kwa kompyuta ajilaumu mwenyewe. Kuna kweli katika neno hili, na mwanafunzi yeyote anayeandika tasnifu yapasa alishike. Lakini akiba ni nini ila nakala ya pili iliyo mahali pengine? Mtu huyu alikuwa nayo nakala ya pili. Ilikuwa mfukoni mwake. Kumwambia kuwa hakuweka akiba, hali umemnyima ufunguo wa akiba aliyoiweka, ni kumvunja mtu mguu kisha kumlaumu kwa kuchechemea. Tena, kwa miaka mingi sheria ya duka lenyewe ilikuwa kwamba wimbo ulionunuliwa hupakuliwa mara moja tu. Aliyeupoteza aununue upya. Ruhusa ya kupakua tena bila ya kulipa ilitangazwa mwaka 2011. Kabla ya hapo kila wimbo uliozuiliwa katika iPod ulikuwa wimbo uliongojea kuuzwa mara ya pili kwa mtu yule yule.

Hoja ya tatu ni ya mkataba. Husemwa kwamba mnunuzi aliyakubali masharti alipobonyeza kitufe cha kukubali. Basi na isemwe wazi: mkataba wa kweli ni wa watu wawili wanaofahamiana walichokubaliana. Masharti marefu ya lugha ya mawakili, yaliyotokea baada ya fedha kulipwa na kisanduku kufunguliwa, hayakuwa mkataba. Yalikuwa tangazo la mwenye nguvu. Husemwa pia kuwa mahakama imekwisha sema. Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba 2014, huko Oakland, baraza la mahakama liliona kuwa Apple haikuvunja sheria ya ushindani wa biashara, na kwamba programu mpya iliyobishaniwa ilikuwa maendeleo ya kweli ya bidhaa. Hukumu hiyo yastahili heshima yake. Lakini swali lililoulizwa pale lilikuwa la ushindani baina ya wauzaji. Halikuwa swali la haki ya mtu juu ya mali yake. Jambo laweza kuwa halali katika soko na bado likawa dhuluma nyumbani.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo ni ya mkate wa mwimbaji. Mtungaji hukesha, mpigaji huumiza vidole, na kazi yao hunakiliwa na watu wasiojua hata majina yao. Asiyeona uchungu wa hoja hii hafai kusema juu ya muziki. Afrika ya Mashariki yaijua vizuri. Huku iPod haikuenea kama simu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa palizuka vibanda ambamo mtu alipeleka simu yake au kadi yake ndogo ya kumbukumbu, akalipa kidogo, akatiwa nyimbo kwa mamia. Mwenye kibanda alipata chakula cha siku. Mwimbaji hakupata hata shukrani. Kadi ile ilikuwa na mlango pande zote mbili, nyimbo ziliingia na kutoka, na mtetezi wa dema aweza kuinyoshea kidole akisema: tazameni matunda ya uhuru.

Lakini matunda hayo yatazamwe vema. Mwenye kibanda hakuzipata nyimbo zake katika kisanduku cha mtu mmoja mmoja. Alizipata katika CD na katika intaneti, akaziweka katika kompyuta, akaziuza. Kama kila simu ya mteja wake ingalikuwa na mlango mmoja tu, wa kuingilia, biashara yake isingalipungua hata shilingi moja, kwa sababu biashara yake yote ilikuwa kuingiza. Kilichomwumiza mwimbaji ni uuzaji bila ya malipo, na dawa yake ni kumfuata muuzaji na kukusanya haki za watunzi. Sheria za kazi hiyo zipo: Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 1999 na Kenya mwaka 2001. Kuzitumia ni kazi ngumu yenye gharama. Kumfungia mlango msikilizaji ni kazi nyepesi isiyo na faida kwa mwimbaji. Si ajabu kuwa wenye nguvu huipenda ya pili.

Tena mfano wa njia iliyo bora ulikuwapo kabla ya kuzaliwa kwa wengi wa waliovitengeneza visanduku hivi. Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani ya Magharibi ya mwaka 1965 ilikiri kuwa watu watanakili muziki nyumbani kwa matumizi yao. Badala ya kutuma polisi katika kila sebule, ilitoza malipo juu ya mashine za kunasia sauti, na fedha zake zikagawanywa kwa wenye kazi. Mpango huo una kasoro zake, na mgao wake hubishaniwa. Lakini msingi wake ni wa utu: mwimbaji alipwe, na msikilizaji asihesabiwe kuwa mwizi. Uingereza nayo ilijaribu mwezi wa Oktoba 2014 kuhalalisha nakala ya mtu binafsi bila ya malipo ya namna hiyo, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitangua ruhusa hiyo baada ya wanamuziki kushitaki. Hapo pana somo kwa pande zote mbili: haki ya msikilizaji isiyojali mkate wa mwimbaji haisimami, na mkate wa mwimbaji haulindwi kwa kumdhulumu msikilizaji.

Hoja nne zimepimwa. Yamebaki mambo mawili ambayo watetezi hawapendi kuyagusa, nayo ndiyo yawahusuyo zaidi watu wa elimu.

La kwanza ni kwamba kizuizi hakikukaa katika chombo tu. Kilitambaa mpaka katika ulimi. Mafundi wa nje walikwisha jifunza kulisoma na kuliandika lile daftari la iPod, wakatunga programu zao za kuhamisha nyimbo pande zote, hata kwa wale wasiotumia iTunes. Mwezi wa Septemba 2007 vyombo vipya vilitoka na daftari lililotiwa alama ya siri, ambayo bila yake iPod ilikataa kulitambua. Siri hiyo ilifumbuliwa baada ya siku chache. Siri ya vyombo vilivyofuata ilipozungumzwa na watu katika kurasa za wazi za BluWiki mwaka 2008, mawakili wa Apple waliandika kutaka mazungumzo hayo yaondolewe, nayo yakaondolewa. Haikuwa programu iliyokamilika. Yalikuwa mazungumzo ya watu waliokuwa wakitafuta kufahamu. Mwenye kurasa hizo, akisaidiwa na shirika la Electronic Frontier Foundation, alikwenda mahakamani mwezi wa Aprili 2009, na Julai mwaka huo kampuni ikayarudisha madai yake nyuma. Mwisho ulikuwa mwema. Lakini kwa muda wa miezi kadha watu walikatazwa kufikiri pamoja, kwa sauti, juu ya namna ya mtu kuzitoa nyimbo zake katika kisanduku chake. Chuo kikuu kisichoona hatari katika jambo hili kimesahau kazi yake.

La pili ni zito zaidi. Dema halikukamata nyimbo za sokoni tu. Lilikamata pia sauti ambazo hazikuwa za kampuni yoyote. Sony ya Japani ilileta MiniDisc mwaka 1992, diski ndogo katika ganda la plastiki, yenye sauti safi na mashine nyepesi. Wachunguzi wa lugha, wa ngoma na wa fasihi simulizi waliipenda, wakaichukua mashambani. Mwaka 2001 ikatoka namna ya NetMD, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Mtu aliweza kupeleka muziki kutoka kompyuta kwenda katika diski. Lakini sauti aliyoinasa yeye mwenyewe kwa maikrofoni yake, ya mzee aliyesimulia historia ya ukoo wake au ya bibi aliyeimba nyimbo za unyago, haikuweza kurudi kwa waya huo. Kompyuta na mashine viliungana, sauti ilikuwamo, na njia ilifungwa. Ilibidi kila diski ichezwe tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti yake inaswe upya kwa waya wa spika za masikio. Mchunguzi mwenye diski 100 za dakika 80 alihitaji saa zaidi ya 133 za kukaa akisikiliza. Mashine iliyofungua njia kwa diski hizo za zamani, MZ-RH1, ilitolewa mwaka 2006, miaka 14 baada ya MiniDisc kuzaliwa.

Hapa hoja ya wizi hunyamaza kabisa. Mzee yule hakuwa na mkataba na kampuni ya santuri. Sauti ya bibi haikuwa bidhaa ya duka lolote. Tangu mwaka 1988 Sony ilikuwa imenunua kampuni kubwa ya santuri ya Marekani, nayo ikawa muuza mashine na muuza muziki kwa pamoja. Ikawa haina imani na maikrofoni aliyoiuza yenyewe. Na wakati haukungoja. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa mashine za mkononi za MiniDisc zitakoma kutolewa, na Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza hata diski tupu. Mashine zilizobaki zinazidi kuchakaa. Kila sauti ambayo haijatolewa katika diski hizo yamo katika kaburi ambalo ufunguo wake unapata kutu.

Watetezi watasema kuwa hayo yamepita. Ni kweli kuwa mengi yamepita, na kupita kwenyewe ni ushahidi. Mwaka 2006 iTunes iliruhusu nyimbo zilizonunuliwa dukani zirudi kutoka iPod kwenda katika kompyuta iliyoidhinishwa. Zilizotoka katika CD hazikutajwa. Mwaka 2009 duka likaondoa kufuli katika nyimbo zake, na muziki haukufa. Duka liliendelea kuuza. Tarehe 10 Mei 2022 Apple ikatangaza mwisho wa iPod. Kizuizi kilichosemwa kuwa nguzo ya nyumba kiliondolewa, na nyumba ikasimama. Basi kilikuwa cha nini?

Lakini visanduku vyenyewe vingalimo katika makabati na mitoto ya meza za watu wengi, vikiwa na diski ndogo zenye kuzunguka ambazo hazikuumbwa ziishi milele. Aliye nacho asingoje. Akichomeke katika kompyuta huku akiizuia iTunes isianze kazi yake yenyewe. Katika Windows hushikiliwa vitufe vya Shift na Ctrl, katika Macintosh vya Command na Option. Asijibu ndiyo kwa swali lolote la kufuta. Akiruhusu chombo kitumike kama diski, kisha aiamuru kompyuta ionyeshe folda zilizofichwa, ataiona ile iitwayo iPod_Control, na ndani yake Music. Ainakili yote. Herufi nne zisizo na maana zisimtishe. Akiyatia mafaili hayo katika programu ya muziki, majina ya kweli yatasomwa kutoka ndani yake. Iliyotengenezwa kwa Macintosh haisomwi na Windows bila ya programu ya nyongeza, na nyimbo zilizonunuliwa zikiwa na kufuli zitataka idhini ya akaunti iliyozinunua. Kazi yote ni ya jioni moja. Ufupi wake ndio hukumu ya mwisho juu ya waliowaambia watu kwamba haiwezekani.

Na dema lenyewe halikufa, limebadili umbo. iPod touch ya mwaka 2007 haikukubali hata kutumiwa kama diski, na simu nyingi za leo zimefuata nyayo zake. Nyimbo sasa hukodiwa kwa mwezi. Asiyelipa hana kitu, hata kama alilipa miaka kumi. Mwezi wa Julai 2009 Amazon ilivifuta vitabu vya George Orwell katika vyombo vya wasomaji walioyalipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini mkono ulikwisha ingia nyumbani kwa mtu usiku. Kijana ambaye hajapata kuwa na wimbo ulio wake hawezi kujua amenyimwa nini. Huyo ndiye anayepaswa kuelezwa, na mahali pa kumweleza ni darasani.

Linalodaiwa si kubwa. Kila chombo kinachopokea sauti ya mtu kitakiwe kumrudishia, kwa njia iliyo wazi kama ile ya kuitia, na kwa umbo linalosomwa na vyombo vingine. Vyuo vikuu na maktaba visinunue mashine ya kunasa sauti bila ya kuuliza kwanza sauti itatokaje. Watunga sheria za hakimiliki wa Afrika ya Mashariki, wanapozitengeneza upya sheria zao, wamwandikie mwimbaji malipo yake na msikilizaji mlango wake katika ukurasa mmoja, kwa kuwa hao wawili si maadui. Mvuvi mwenye dema hulivua majini jioni, hufungua tundu aliloliweka mwenyewe, na hutoa kilicho chake. Mnunuzi wa chombo asipewe haki iliyo pungufu ya hiyo.